Nafasi ya Mwisho Ndani ya Ukuta

Fergus MacOrran alikufa Jumanne asubuhi, na kufikia Alhamisi mkewe Ann alikuwa bado hajajua amzike wapi.

Si kwamba mahali palikosekana. Mahali palikuwa pawili, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Tatiana, binti yao wa pekee, alitaka baba yake alazwe kwenye makaburi ya mtaani, mwendo wa basi moja kutoka kwao Thornton Heath, London, ili Jumapili akitoka kanisani apitie na maua. Lakini Ann alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba mwanamume hurudishwa kwao. Ann ni mtu wa Webuye, Kenya. Alilelewa akijua kwamba mtu akifia mbali, watu wake hawapati usingizi mpaka wamemfikisha nyumbani, na kwamba kumfukia ugenini ni kumtupa.

Na Fergus alikuwa na kwao. Alikuwa fundi wa taa za reli, mtu wa maneno machache, lakini akishashiba ugali na sukuma angeweza kukaa saa nzima akieleza habari za uwanja wa makaburi wa ukoo wake, kaskazini ya Uskoti, juu ya kilima kinachotazama ziwa refu jembamba. Uwanja huo haukuwa wa kanisa wala wa serikali. Ulikuwa wa akina MacOrran peke yao, umezungushiwa ukuta wa mawe, una lango moja na ufunguo mmoja. Fergus aliuita "ndani", basi. "Babu yuko ndani," angesema. "Baba naye yuko ndani." Ann alifika huko mara moja tu, mwaka ule walipooana, siku ya mvua. Mwenye ufunguo alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo Ann akasimama nje akachungulia juu ya ukuta kama mtu anayechungulia boma la jirani. Aliona mawe yaliyoinama na nyasi zilizokatwa vizuri.

Mwenye ufunguo alikuwa Isobel, binti wa ami yake Fergus. Jumanne ile ile Ann alimpigia simu. Upande wa pili sauti kavu ikasema, "Ninakuja na kitabu," na simu ikakatwa.

Elkana ndiye aliyekwenda kumpokea stesheni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya misiba ya Wakenya wa kanisani kwao, mtu mnene mcheshi anayefanya kazi ya ghala kule Hayes, na kwa miaka kumi hakuna jeneza la Mkenya lililotoka kanisani hapo bila bega lake.

"Mama Tati, mgeni wako huyu hapa," alitangaza mlangoni, jasho likimtoka. "Amenigombeza kutoka stesheni mpaka hapa. Eti naendesha kama nimeiba gari. Na mkoba hataki niguse."

"Mwache. Hata Fergus alikuwa hivyo."

Isobel alikuwa na miaka themanini na minne, mwembamba, amenyooka kama ufito, amevaa koti zito ambalo hakulivua. Alimshika Ann mikono yote miwili. Hakulia. Alisema, kwa Kiingereza chake cha kaskazini ambacho Ann, baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa, alikielewa kuliko Waingereza wengi, "Alikuwa mtoto mzuri, Fergus. Nilimbeba mgongoni." Kisha akauliza meza iko wapi.

Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha nta. Kilikuwa kikubwa kama Biblia ya mimbarini, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Tatiana alisogeza vikombe. Isobel alikifungua mwanzo kabisa, akaweka kidole kwenye jina la juu, na bila kuulizwa akaanza kusimulia. Ilikuwa dhahiri kwamba ndivyo alivyofundishwa: kitabu hakifunguliwi katikati.

"Wa kwanza ndani ni mwanamke. Marsali. Alikufa akijifungua, mwaka wa 1688, mto ukiwa umefurika. Walishindwa kumvusha mpaka kanisani, wakamzika kilimani. Walipotaka kumhamisha mto ulipopungua, mumewe akakataa. Akasema na yeye atazikwa hapo hapo. Ndivyo tulivyoanza."

Aligeuza ukurasa. Wajukuu wa Marsali ndio waliojenga ukuta, baada ya farasi wa jeshi kufungwa juu ya makaburi kipindi kizima cha baridi. Kisha ikaja miaka ya kondoo. Mwenye ardhi aliona kondoo wana faida kuliko watu, nyumba zikang'olewa paa, watu wa bonde zima wakatolewa nje na vyungu vyao. Lakini palikuwa na karatasi ya zamani iliyosema hatua arobaini na mbili kwa thelathini, mali ya MacOrran, milele. Bonde likachukuliwa, ukuta ukabaki.

"Tulikuwa hatuna hata shamba la viazi," Isobel alisema. "Tulikuwa na pa kuzikwa tu. Watu walikwenda Glasgow, wakafanya kazi viwandani, na wakifa wanarudishwa kwa miguu. Siku sita. Wanaume wanane, wakipokezana. Kila walipopumzika walirundika mawe. Marundo bado yapo."

Elkana, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akaketi.

"Hii naijua," alisema taratibu kwa Kiswahili. "Mama Tati, hii yote naijua. Ni majina tu yamebadilika."

Mwisho wa kitabu palikuwa na mchoro wa uwanja. Makaburi yalikuwa sitini na manne, kila moja limechorwa kama kitanda kidogo chenye namba. Sitini na matatu yalikuwa yamepakwa wino. Moja, kwenye pembe ya ukuta, lilikuwa jeupe, na ndani yake pameandikwa kwa penseli: *F. au I. Atakayetangulia.*

"Siku tuliyomzika baba yake tuliona imebaki nafasi moja," Isobel alisema. "Yeye ana miaka ishirini, mimi ishirini na minane. Tukaandikiana. Basi yeye ametangulia. Nafasi ni yake. Nimekuja uniwekee sahihi, nimpeleke."

Ann alitazama kile kitanda cheupe kwa muda mrefu. Alikuwa muuguzi tangu ujana wake. Alizoea kuuliza swali gumu kwa sauti ya kawaida.

"Mimi nitakaa wapi?"

"Ukiwa mgeni wetu? Kwangu. Chumba kipo."

"Nikifa, Isobel."

Isobel alivua miwani. "Pale ni mwamba. Ukichimba mpaka hapa," akagusa nyonga yake, "sururu inatoa cheche. Kaburi moja, mtu mmoja. Haligawiki."

Tatiana alimwangalia mama yake. Ann alisogeza kiti karibu na meza. Alianza kupekua kitabu mwenyewe, akitafuta mwaka wa harusi yake, na alipoufikia akakuta mstari wake. Akasoma, akasoma tena, kisha akainua kichwa.

Wake wote wa ukoo walikuwa wameandikwa kwa majina ya baba zao. Janet binti Ross, mke wa Donald. Catriona binti Munro, mke wa Hugh. Yeye peke yake alikuwa ameandikwa: *Ann, mke wa Fergus.* Mahali pa jina la baba palikuwa peupe. Mahali pa kwao palikuwa peupe.

"Miaka ishirini na saba nimebeba jina lenu," alisema. "Pasipoti, kazini, benki, kila mahali mimi ni MacOrran. La baba yangu nililiacha nikijua ndiyo heshima ya mke. Kumbe nyinyi hapa mmenirudisha kwetu, halafu kwetu kwenyewe hamkujali ni wapi?"

Uso wa Isobel ulibadilika rangi. "Kwetu mwanamke hafutwi jina," alijibu polepole. "Anaolewa, anazaa, anazeeka, na jiweni anaandikwa kwa watu waliomzaa, ili ijulikane wametupatia nani. Hiyo ndiyo heshima yetu. Lakini hilo pengo ni langu. Nilimwandikia Fergus aniletee jina, akasahau. Nikaona haya kukuuliza wewe. Mwaka wa kwanza nikaona haya, na mwaka wa kumi nikaona haya zaidi."

Alitoa kalamu. "Niambie sasa."

"Wekesa," Ann alisema. "Ann Nafula binti Wekesa. Wa Webuye."

Isobel akaliandika, herufi moja moja. Wino ulikuwa mpya sana pembeni mwa ule wa zamani, lakini haukumpoza Ann. Jina lilikuwa limepata mahali. Mwenye jina bado. Alichukua simu akampigia kaka yake Bonface, akaiweka mezani, spika ikiwa wazi, ili wote wasikie.

"Dada, pole tena," Bonface alisema. Nyuma yake kuku walikuwa wakipiga kelele. "Mmefika wapi na mipango ya shemeji?"

"Bonface, nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu mwanamume. Nikifa mimi, mtanizika kwa baba?"

Kuku tu wakasikika.

"Dada, kwa nini unaniuliza maneno kama haya?"

"Nijibu."

"Sitakudanganya. Wewe uliolewa. Fergus alileta ng'ombe hapa mwenyewe, watu wote walimwona, vile alikuwa anamkimbia yule fahali huku amevaa sketi yake ile ya Kiskoti." Elkana alijizuia kucheka, akashindwa, akajiziba mdomo. "Wazee watauliza, mke wa mtu amerudi kutafuta nini? Tutakupokea, wewe ni damu yetu. Lakini itakuwa nje ya ua, upande wa migomba. Pale walipomweka shangazi. Si unapakumbuka?"

Ann alipakumbuka. Shangazi yao alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi, akafa. Wakati huo Ann alikuwa darasa la tano. Mwaka uliofuata mbuzi walikuwa wakifungwa pale, na hakuna aliyewakataza.

"Nimekusikia," alisema. "Asante kwa kunijibu."

Simu ilikatika. Tatiana alizungumza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema hakuelewa kwa nini mtu aliyeishi London miaka arobaini lazima atafutiwe kwao kwingine, na kwamba yeye mwenyewe kwao ni hapa, na atakwenda kumlilia nani kilimani, saa kumi na moja za barabara. Hakuwa akigombana. Alikuwa akiomba. Ann alimshika mkono, lakini macho yake yalikuwa kwa Isobel.

Wazo lilikuwa limemjia tangu Bonface alipotaja migomba.

"Isobel. Fergus akichukua hiyo nafasi, wewe utalala wapi?"

Isobel alianza kukifunika kitabu. "Hilo si la leo."

"Wapi?"

"Nje. Upande wa ziwa. Ni pazuri."

"Nani wengine wako nje?"

Mama mzee hakutaka kusema, lakini alikuwa mtunza kitabu, na mtunza kitabu akiulizwa hana budi kujibu. Alifungua ukurasa wa nyuma kabisa, usio na mchoro. "Watoto wachanga kumi na wanne, waliokufa hawajabatizwa. Mchuuzi aliyekutwa kwenye theluji, hakuna aliyemjua jina. Elspet, dada wa bibi yangu, aliyezaa bila mume." Akaongeza: "Nyasi zao nazikata mimi pia."

"Umekata nyasi za ndani miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

Ann akasimama. Alikuwa mfupi, na hata akisimama hakumpita sana Isobel aliyeketi.

"Basi Fergus haendi."

"Alitangulia. Tuliandikiana."

"Mliandikiana kabla hajaniona. Sheria ya hapa imeniachia mimi mwili wake, na mimi siwezi kumwingiza mume wangu ndani kwa kukutoa wewe nje. Nimesikia sasa hivi nje kulivyo."

Isobel alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Usinionee huruma! Sijakaa kwenye treni siku nzima nije kuhurumiwa. Tangu ukuta ujengwe hakuna mwanamume wetu aliyeachwa makusudi. Unataka niwe wa kwanza kumwacha? Nitawaambia nini?"

"Si huruma," Ann alisema, na hapo sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Nakuambia haja yangu mwenyewe. Nataka kulala na mume wangu. Nimetafuta mahali pa kulala na mume wangu, kwenu hapapo, kwetu hapapo. Hapa London wanachimba kaburi la watu wawili. Mmoja chini, mwingine juu. Nilikuwa nimeona ni aibu kumzika hapa, nikasema mbele za watu kwamba hurudishwa kwao. Nilikosea. Watu wenyewe ndio hawa wamekaa, wasikie kwamba nilikosea. Mume wa Marsali alizikwa kanisani kwao?"

Isobel alikirudisha kitabu kwenye ukurasa wa Marsali. Elkana alitazama viatu vyake. Tatiana alikuwa ameanza kulia bila sauti, kama baba yake alivyokuwa akilia.

Basi lilipita nje likatikisa dirisha.

"Udongo wa huku ni wa namna gani?" Isobel aliuliza hatimaye.

"Mfinyanzi."

"Mfinyanzi unashika maji."

"Nyanya," Elkana alisema kwa Kiingereza, kwa upole wote aliokuwa nao, "huyu mtu hakuwahi kuogopa maji. Aliogopa ng'ombe tu."

Kitu kama kicheko kilipita usoni mwa Isobel, kikapotea. Alirudi katikati ya kitabu, kwenye ukurasa wa wale waliolala mbali: waliozama baharini, waliobaki Ufaransa kwenye vita, waliofia Kanada. Aliandika taratibu, akimsomea Ann kila neno kabla ya kuliandika. Kisha akachukua kifutio, akafuta herufi F kwenye kile kitanda cheupe, ikabaki ile I peke yake.

*

Mazishi yalikuwa wiki mbili baadaye, Ijumaa ya baridi kavu. Isobel hakurudi kwao katikati. Alilala chumbani kwa Tatiana, akala ugali kwa uma, akamgombeza Elkana kila alipokuja. Na ndani ya mkoba ule alioukataza kuguswa kulikuwa na kamba nane nyeusi zenye vishada, zimefuliwa na kupigwa pasi, kila moja na namba yake. Kwa akina MacOrran jeneza haliteremshwi na wachimbaji. Linateremshwa na watu wa marehemu, na kamba ya kwanza, ya kichwani, hushikwa na mtu wake wa karibu kuliko wote. Tangu zamani walikuwa wanaume watupu. Wanawake walibaki nyumbani wakipika. Isobel alikuwa ameshona vishada hivyo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na hakuwahi kushika kamba hata moja.

"Ya kwanza ni yako," alimwambia Ann makaburini, akampa. "Ya pili ya mtoto. Ya tatu nitashika mimi, na atakayenikataza ajaribu." Elkana alipata ya miguuni, na nne zilizobaki walishika watu wa kanisani.

Mchungaji alimaliza. Kwaya ilitulia. Wanane wakajipanga, wakainua, mbao zikaondolewa chini, Fergus akaanza kushuka. Alishuka vizuri mpaka kamba zikafika kwenye vishada, na vishada vikafika kwenye ngumi, na jeneza likabaki linaning'inia, halijagusa chini.

Wakatazamana.

Kamba zilikatwa kwa kipimo cha kile kilima, kwa kaburi la kufika nyongani. Hili lilikuwa limechimbwa la watu wawili. Ann ndiye aliyeomba lichimbwe hivyo, Isobel ndiye aliyeleta kamba, wakakaa meza moja siku kumi na nne wakinywa chai, na hakuna hata mmoja wao aliyepiga hesabu hiyo.

Kijana wa kampuni ya mazishi alisogea haraka. "Mama, msijali, tuna mikanda yetu mirefu. Tuachieni sisi."

"Hapana," Ann na Isobel walisema pamoja.

Ann akapiga magoti. Mfinyanzi ulikuwa umelowa, ukamshika sketi nyeusi ya kanisani. Tatiana akapiga magoti. Isobel, na koti lake zito, akashuka goti moja, halafu la pili, meno yameumana, kamba haikutikisika mkononi mwake. Kisha Elkana na kitambi chake, kisha wengine wote. Wanane wakainamia shimo, mikono imenyooshwa mpaka mabegani, mashavu karibu na nyasi, na Fergus akashuka kile kipande kilichobaki, kidogo kidogo, hadi kamba zikalegea.

Ikapita pumzi moja. Isobel akaachia ya kwake ianguke juu ya jeneza, kama desturi, na wengine wakafuata. Ann alikuwa wa mwisho. Aliifungua ngumi yake kidole kimoja kimoja.

Hakuinuka mara moja. Alibaki ameinama, akipima kwa macho ule udongo uliobaki kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye nyasi, kama mtu anayeangalia upande wake wa kitanda. Pembeni yake Isobel alikuwa akihema.

"Ann binti Wekesa," bibi alisema bila kugeuza kichwa. "Haya magoti yana miaka themanini na minne. Mtu aniinue."

Ann akamwinua.